i7-3770 imegoma kuwaka kwenye HP Compaq 8200 Elite, na soketi ni ile ile 1155. Kosa liko wapi?

#1 Kijana wa Buzuruga
Wakuu, heshima zenu. Nina steshenari ndogo hapa Buzuruga, Mwanza. Mashine inayonilisha ni HP Compaq 8200 Elite, ile nyembamba ya SFF. Prosesa ni i3-2100, RAM GB 8 kwa vijiti viwili vya GB 4, diski ni SSD. Kuchapa, kuskani na kutoa picha za pasipoti inamudu vizuri. Shida imeanza nilipoingia kwenye kuhariri video za sendofu na harusi. Video ya dakika 40 nikishamaliza kuipanga, naiacha itoke usiku kucha, asubuhi nakuta bado inajikongoja na mteja yuko mlangoni.

Nikasoma kwamba soketi ya bodi hii ni LGA 1155. Nikatafuta prosesa kali ya 1155, nikapata i7-3770 ya mtumba kwa 85,000. Jana usiku nimeifunga. Feni inazunguka kwa nguvu zote, taa inawaka, monita inasema hakuna signali. Mlio hakuna. Nimerudia mara tatu. Muuzaji anasema alinipa ikiwa nzima na kitu kikishafungwa kwenye mashine harudishiwi.

Prosesa imekufa, au bodi haiitaki? Na kama haiitaki, kwa nini imeingia na kukaa bila shida?

#2 Kimbunga77
Nakaa hapa kusubiri wajuzi. Nina 8200 nyumbani na nilikuwa na wazo hilo hilo.

#3 Fundi Bodi
Mkuu pole. Prosesa yako huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni kizazi.

i3-2100 ni kizazi cha pili, Sandy Bridge, ya mwaka 2011. i7-3770 ni kizazi cha tatu, Ivy Bridge, ya 2012. Zote zina pini 1155 na zote zinaingia kwenye soketi moja, lakini bodi ya 8200 Elite inatumia chipseti (chipu kuu ya bodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Q67, na BIOS yake, yaani programu ya kwanza inayoiamsha mashine, haiijui Ivy Bridge. Prosesa inapata umeme, feni inazunguka, kisha hakuna kinachoendelea kwa sababu BIOS haina maelekezo ya kuiamsha. Ndiyo maana hata mlio husikii.

Ungeuliza kabla ya kununua ningekwambia uchukue i7-2600.

#4 Nyasi za Tabora
Mimi nina mawazo tofauti na Fundi. Hiyo SFF ina pawa saplai ya wati 240 tu. i3 ni prosesa ya kori 2, wewe umeweka i7 ya kori 4 na tredi 8. Umeme hautoshi. Feni kuzunguka kwa nguvu zote ni dalili ya mashine iliyozidiwa. Azima pawa saplai kubwa ujaribu kabla ya kuhukumu bodi.

#5 Kalamu Nyekundu
#4, hesabu haikubali. i7-3770 ni ya wati 77. i5-2400 na i7-2600 ni za wati 95, na 8200 SFF nyingi zimetoka kiwandani na i5-2400 kwa pawa saplai hiyo hiyo ya 240. Kitu kinachokula 95 kinawaka, cha 77 kizidiwe vipi? Halafu hiyo pawa saplai ni ya umbo la HP, huwezi kuazima ya kawaida ukaichomeka tu humo ndani.

Feni kwenda kasi inaonyesha kwamba BIOS haijafika hatua ya kuidhibiti. Haina uhusiano na kuzidiwa.

#6 Nyasi za Tabora
Sawa, wati nimekubali. Ila pawa saplai ya mwaka 2011 iliyopitia ofisi ya Ulaya, kontena, ghala na umeme wetu huu, bado inatoa 240 kweli? Kapasita zinachoka. Hilo silifuti.

#7 Mwana wa Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Fundi Bodi, hapo naomba unieleze, maana mimi nina bodi ya H61, ambayo ni ya kundi lile lile la 6 kama Q67, tena ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Niliweka i5-3470, kizazi cha tatu, na yafanya kazi mwaka wa nne sasa. Ikiwa H61 yakubali, Q67 ambayo ni ghali zaidi itakataaje? Huenda kijana wetu ahitaji kusasisha BIOS tu.

#8 Fundi Bodi
Mwana wa Mvita, swali zuri na linachanganya wengi.

Ndani ya ile chipu inayohifadhi BIOS kuna programu nyingine ndogo ya Intel inayoitwa ME. Chipseti za kundi la 6 zilitoka na ME toleo la 7. Ivy Bridge ilikuja pamoja na chipseti za kundi la 7 (B75, Q75, Q77, H77, Z77) zenye ME toleo la 8. Kwa H61, H67, P67 na Z68, Intel iliruhusu watengeneza bodi watoe BIOS mpya yenye ME 8. Aliyeitoa, bodi yake ikakubali Ivy Bridge. Ila Q65, Q67 na B65, yaani chipseti za mashine za ofisi, Intel iliziacha nje ya mpango huo.

Ndiyo sababu Dell OptiPlex 3010 yenye H61 inabeba kizazi cha tatu, wakati OptiPlex 990 yenye Q67, iliyouzwa kama mashine ya wakubwa, inaishia cha pili. Kwa HP ni hivyo hivyo: 6200 Pro na 8200 Elite ni kizazi cha pili tu, 6300 Pro na 8300 Elite zinachukua cha pili na cha tatu.

Kwa hiyo kusasisha BIOS ya 8200 hata ukifika toleo la mwisho hakutabadilisha jambo hili.

#9 Mwana wa Mvita
Nimefahamu. Shukrani.

#10 Shangazi Tarakilishi
Wanangu, nimefundisha kompyuta sekondari miaka mingi na makosa haya nayaona kila mwaka, kwa hiyo niruhusuni nieleze taratibu.

Soketi inakwambia prosesa itaingia. Chipseti inakwambia kama bodi inaweza kuzungumza nayo. BIOS inakwambia kama imefundishwa kuzungumza nayo. Halafu kuna wati, yaani kama saketi za umeme za bodi na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) vitaimudu. Vyote vinne vikubali ndipo utoe fedha mfukoni.

Kabla ya kununua, fungua programu ya CPU-Z. Kichupo cha Mainboard kinaonyesha jina la bodi, chipseti na tarehe ya BIOS. Ukiwa na Windows 10 unaweza pia kuandika kwenye dirisha jeusi `wmic baseboard get product,manufacturer`. Wa Linux andika `sudo dmidecode -t baseboard`. Mashine ikiwa imezimika, fungua kava usome maandishi ya bodi yenyewe. Usisome stika ya kasha, maana kasha za mtumba hubadilishiwa matumbo njiani. Nimewahi kufungua kasha limeandikwa i5 nikakuta Pentium ndani.

Ukishapata jina la bodi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika ambayo mtengenezaji ameitoa. Kwa mashine za ofisi kama HP na Dell orodha hiyo iko ndani ya maelezo ya modeli. Kama prosesa haimo, chukulia jibu ni hapana hadi mtu mwenye modeli ile ile akuonyeshe kwa macho. Neno "1155" peke yake halitoshi hata siku moja.

#11 Kimbunga77
Shangazi umeniokolea hela. Nakazia kwamba huu ujumbe ubandikwe juu ya jukwaa.

#12 Mzigo wa Deira
Niko Dubai, kazi yangu ni kupakia mashine za mtumba zinazokuja huko nyumbani. Naomba kuongeza jambo ambalo hamjaligusa: je, una uhakika hiyo ni i7-3770? Huku prosesa zinauzwa kwa trei, mamia kwa mamia, na zinachanganyika. Futa pesti yote (ile ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki) juu ya kifuniko chake usome namba inayoanza na SR. i7-3770 ni SR0PK. i7-2600 ni SR00B. i5-2400 ni SR00Q. Ukikuta imeandikwa Intel Confidential badala ya jina, hiyo ni sampuli ya majaribio, na hizo zinasumbua hata kwenye bodi inayostahili.

Na kuna prosesa zilizokufa kweli. Zinatupwa ndani ya boksi bila kinga yoyote, zinasuguana, vile vikapasita vidogo vya upande wa chini vinang'oka. Igeuze uangalie.

#13 Mchungaji wa Data
Naongezea historia kidogo. Chipseti hizi za kundi la 6 zilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Mwezi Januari 2011 Intel ilitangaza hitilafu na kusimamisha usafirishaji. Bodi za mwanzo zilirudishwa. Huenda ya mleta mada ni miongoni mwa zile mbovu, ndiyo maana inakataa.

#14 Kalamu Nyekundu
#13, tangazo la tarehe 31 Januari 2011 ni la kweli, ila lilihusu milango ya SATA (ya kuchomekea diski) ya kasi ya 3Gb/s, ambayo ingeweza kudhoofika kadiri muda unavyokwenda. Milango ya 6Gb/s haikuguswa, na prosesa haihusiki kabisa. Chipseti zilizorekebishwa ziliitwa B3. Tusimbebeshe kijana hofu isiyo yake.

#15 Mchungaji wa Data
Nimesahihishwa, asante. Ila kwa wenye bodi za kubahatisha, kuchomeka SSD kwenye mlango wa 6Gb/s kuna faida mbili basi.

#16 Kijana wa Buzuruga
Wakuu nimerudi, asanteni wote. Nimefuta pesti: imeandikwa i7-3770, SR0PK. Chini iko safi, vikapasita vyote vipo. Kwa hiyo Fundi Bodi na Shangazi nimewaelewa, nimekubali nilinunua kwa kuangalia soketi tu.

Ila sasa limezuka jingine na hili ndilo limeninyima usingizi. Nimerudisha i3-2100 yangu. Mashine imewaka, nikamshukuru Mungu. Kuingia Windows naona RAM GB 4. Zilikuwa GB 8 tangu nimeinunua! Nimezima, nimechomoa vijiti, nimefuta kwa kifutio, nimerudisha. Bado 4. Kazi za wiki hii zote ziko humu ndani.

#17 Nyasi za Tabora
Hapo kuna kitu kimeungua. Ivy Bridge inataka volti tofauti na Sandy Bridge. Umeiwasha mara tatu, saketi za umeme upande wa RAM zimeumia.

#18 Fundi Bodi
Nyasi, taratibu kidogo. Prosesa yenyewe ndiyo inayoiambia bodi itoe volti kiasi gani, na vizazi hivi viwili vinashirikiana soketi kwa makusudi. Nimeshaona 3770 ikijaribiwa kwenye 6200 na kutolewa, na mashine ikaendelea na maisha yake. Sisemi haiwezekani, nasema sijaliona.

Kijana, mimi nashuku pini. Kwenye LGA pini ziko kwenye soketi, laini kuliko unywele wa mtoto. Ukitoa na kurudisha prosesa mara nne usiku, kwa mwanga wa simu, ni rahisi kona ya prosesa kugusa na kupinda pini mbili tatu.

#19 Kimbunga77
Samahani kuuliza kitoto: pini za prosesa na RAM vinahusiana nini?

#20 Shangazi Tarakilishi
Si swali la kitoto, mwanangu. Zamani, kwenye Core 2 Duo na soketi 775, kidhibiti cha RAM kilikuwa kwenye chipseti, kwenye bodi. Kuanzia Core i7 za kwanza za mwishoni mwa 2008 Intel ilikihamishia ndani ya prosesa. Kwa hiyo nyaya za RAM zinatoka kwenye vijiti moja kwa moja hadi kwenye pini za soketi. Prosesa hizi zina chaneli mbili za RAM. Pini ya chaneli moja ikipinda au isipogusa vizuri, chaneli hiyo nzima inaweza kupotea na nyingine ikabaki salama. GB 4 kati ya 8 inalingana kabisa na hilo.

Lakini naona uwezekano mwingine kabla ya pini kupinda. Hitisinki ya HP ina skrubu nne. Ukizikaza upande mmoja kwanza, prosesa inalemea upande huo na mgusano wa upande mwingine unalegea. Legeza zote, kisha kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kona hii na kona iliyoikabili.

#21 Mzigo wa Deira
Kabla ya yote hayo, toa ile betri ya CR2032, chomoa waya wa umeme, subiri dakika kadhaa, rudisha. BIOS ilibabaishwa na prosesa ngeni, huenda imehifadhi mipangilio ya RAM isiyo sahihi. Huku tunaona hivyo mara nyingi na betri ndiyo dawa.

#22 Kijana wa Buzuruga
Taarifa ya leo. Betri nimetoa, bado GB 4. Nimejaribu kijiti kimoja kimoja: vyote viwili ni vizima nikiviweka upande mmoja wa bodi. Upande wa pili, matundu yote mawili hayasomi kijiti chochote, na nikiacha kijiti upande huo tu mashine inalia milio mitano na taa nyekundu.

Nimemulika soketi kwa tochi na lenzi ya kukuzia ya sonara jirani yangu. Nimeangalia mstari kwa mstari karibu nusu saa. Sioni pini iliyopinda. Sonara naye, mwenye jicho la kazi hiyo, haoni.

#23 Kalamu Nyekundu
Milio mitano kwa HP za wakati ule ni RAM, kwa hiyo imekubaliana na unachokiona. Chaneli moja haipo. Ama mgusano, ama nyaya za bodi, ama kidhibiti ndani ya hiyo i3. Hili la mwisho hakuna aliyelisema. Umeigusa kwa mkono mara nne. Umeme tuli haupigi hodi.

#24 Mwana wa Mvita
Umeme tuli Mwanza? Penye unyevu wa ziwa hivyo? Huku pwani sijauona ukiua kitu tangu nianze ufundi. Mimi nasema ni pesti. Wangapi humu wamepaka pesti nyingi ikamwagikia pembeni na kuingia kwenye pini? Kijana, ulipofuta pesti ili usome SR, je, hukuibeba kwa kidole ukaipeleka chini ya prosesa?

#25 Kijana wa Buzuruga
Mwana wa Mvita, umenishtua. Chini ya i3 kulikuwa na doa dogo la kijivu kwenye kona. Nimelisafisha kwa spiriti na pamba. Na wakati wa kufunga nimefuata msalaba wa Shangazi. Sasa hivi naona GB 8! Yote mawili nimeyafanya kwa pamoja kwa hiyo sijui ni lipi.

#26 Kimbunga77
Hongera mkuu! Uzi umefungwa kwa furaha.

#27 Lulu ya Geita
Kabla haujafungwa, ile 3770 unaipeleka wapi? Nina OptiPlex 7010, chipseti ni Q77 kwa mujibu wa CPU-Z, nimefuata maelezo ya Shangazi neno kwa neno. Ina i5-2400 sasa. Nakuja Mwanza Jumamosi.

#28 Fundi Bodi
Lulu, 7010 inaichukua bila neno. Sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na i5 ndani, na usifanye hivyo bila UPS. Umeme ukikatika BIOS ikiwa nusu, utakuwa na tatizo kubwa kuliko la Kijana.

#29 Mchungaji wa Data
Nikiwa hapa, niulize la kwangu. Mzazi wangu ana mashine ya soketi 775, chipseti G31, prosesa Pentium Dual-Core. Kuna njia ya kuifikisha mahali ikafaa?

#30 Fundi Bodi
G31 nyingi zinabeba Core 2 Quad kama orodha ya mtengenezaji inaitaja na BIOS ni ya karibuni. Nimeweka Q9550 kwenye kadhaa. Lakini 775 ni ukoo mpana sana: niliwahi kuweka Q6600 kwenye bodi ya 945 ya enzi za Pentium 4 na haikutoa hata picha. Soketi ile ile, pini 775 zile zile. Ni hadithi ya Kijana, ya miaka ya nyuma tu.

#31 Shangazi Tarakilishi
Ushauri wa kweli kwa Mchungaji: usiweke fedha humo. Mwekee mzee SSD na Linux nyepesi, atasoma habari na kuongea na wajukuu. Windows 10 iliisha muda wake wa sasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai maelekezo ya SSE4.2 ambayo Core 2 zote hazina. Haitawaka hata kwa ujanja. Mashine za akina Kijana na Lulu nazo haziko kwenye orodha rasmi ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha nane, ila angalau zina maelekezo hayo.

#32 Nyasi za Tabora
Haya ndiyo yaliyonihamishia AMD. Soketi ya AM4 imebeba Ryzen za 2017 hadi mfululizo wa 5000. Intel wao hata namba ikibaki ile ile wanakata: 1151 ya kizazi cha sita na cha saba haichukui cha nane, na pini ni 1151 zile zile.

#33 Kalamu Nyekundu
Kwa la 1151 uko sahihi. Kwa AM4, ongeza kwamba bodi za mwanzo kama B350 na X370 zilifunguliwa rasmi kwa Ryzen 5000 mwaka 2022, baada ya wenye bodi kulalamika muda mrefu, na ni lazima BIOS isasishwe. Chipu ya BIOS ilikuwa ndogo kiasi kwamba baadhi ya bodi zilifuta prosesa za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Kila mlango una kizingiti chake.

#34 Kijana wa Buzuruga
Wakuu, nasikitika kuwarudisha nyuma. Leo asubuhi nimewasha, GB 4 tena. Jioni ya jana zilikuwa 8. Nimefungua, doa hakuna. Nimekaza upya kwa msalaba. Imebaki 4.

#35 Shangazi Tarakilishi
Pole mwanangu. Asubuhi bodi ni ya baridi, jioni ni ya moto. Kitu kinachoshika kikipata joto na kuachia kikipoa mara nyingi ni lehemu iliyopata ufa au pini isiyo na nguvu ya kusukuma juu. Haijapinda, imechoka. Kwa jicho huwezi kuiona.

#36 Nyasi za Tabora
Au ni kapasita za pawa saplai, kama nilivyosema #6. Nazo zikiwa baridi hazifanyi kazi sawa na zikiwa moto. Hakuna aliyepima volti mpaka sasa.

#37 Kalamu Nyekundu
Au kidhibiti ndani ya i3. Jibu la hili ni rahisi: weka prosesa nyingine ya kizazi cha pili. Chaneli ikirudi, i3 ndiyo yenye kosa. Isiporudi, ni bodi.

#38 Fundi Bodi
Wakati mnabishana kijana anahitaji kula. Mkuu, bodi yako ina matundu manne, mawili kwa kila chaneli. Weka vijiti vyote viwili kwenye matundu mawili ya upande ulio hai. Utapata GB 8 kamili. Zitakwenda kwa chaneli moja, kasi ya RAM itapungua, na grafiki ya ndani italisikia hilo kwa sababu inatumia RAM hiyo hiyo. Kwa kazi za ofisi hutaona tofauti kubwa.

#39 Kijana wa Buzuruga
Fundi, Mungu akubariki. GB 8 zimerudi na leo nimetoa kazi tatu. Sasa nimebaki njia panda kuhusu i7-2600. Nimepata ya SR00B, muuzaji amekubali nijaribu mbele yake. Niifunge, au niache soketi ipumzike isije ikapoteza na chaneli ya pili?

#40 Mzigo wa Deira
Ifunge. Ni kori 4 na tredi 8, inafika 3.8GHz, ile 3770 inafika 3.9. Tofauti yake kwenye kutoa video hutaipigia kelele. Utamaliza usiku mapema. Usichukue tu Xeon watakayokuuzia kwa bei ya chini: E3-1230 haina grafiki ya ndani, na bila kadi utarudi hapa kutuambia hakuna signali.

#41 Shangazi Tarakilishi
Mimi naogopa. Soketi yenye dalili haifunguliwi kwa hamu. Kusanya kidogo kidogo, nunua 8300 au 7010 kamili, hii ibaki ya kuchapa. Kazi zako ziko humo. Umezinakili mahali pengine?

#42 Kijana wa Buzuruga
Shangazi, nimenunua diski ya nje leo. Nanakili wakati naandika haya.

#43 Lulu ya Geita
Taarifa: 3770 ya Kijana iko ndani ya 7010 yangu tangu Jumamosi jioni. Imewaka mara ya kwanza, CPU-Z inasoma Ivy Bridge, RAM yote GB 16 inaonekana. Prosesa ilikuwa nzima siku zote.

#44 Nyasi za Tabora
Basi waliosema prosesa imekufa wameondoka mezani. Ya chaneli bado iko mezani. Kijana, azima multimita upime hiyo pawa saplai.

#45 Jembe la Kahama
Habari wakuu. Nimesoma uzi wote. Bodi yangu haina jina la mtengenezaji popote, imeandikwa H61 tu, ilikuja kwenye kasha la kuunganisha. Ina Pentium G620. i5-3470 itakubali?

#46 Mwana wa Mvita
Ndugu, H61 yaweza kukubali na yaweza kukataa, yategemea BIOS. Fungua CPU-Z, kichupo cha Mainboard, soma tarehe ya BIOS uiandike hapa. Ikiwa ni ya 2011, shika fedha zako kwanza.